Presha inavyoharibu ubongo bila kumwangusha mtu

Katika masoko ya mpakani kati ya Gisenyi na Goma, mfanyabiashara akianza kukosea hesabu za chenji, watu huwa na majibu tayari. Wengine husema ni uzee, wengine husema amerogwa na mwenzake wa meza ya jirani. Akianza na kutembea kwa hatua fupi fupi, kama mtu anayeogopa kuteleza, ushahidi umekamilika. Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka mingi katika kazi hii ya kuandika habari za mpakani. Ni mara chache nimesikia mtu akiuliza: je, amepimwa presha?

Msomaji mpenzi, ubongo una sehemu ya kijivu, ambako seli hufanya kazi ya kufikiri, na sehemu nyeupe, ambayo ni karibu nusu ya ubongo wote. Hiyo nyeupe ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Weupe wake unatokana na ganda la mafuta liitwalo mayelini, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme. Nyuzi nene zenye ganda hupeleka habari kwa kasi inayoweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Nyembamba zisizo na ganda hupeleka mita moja au mbili tu.

Mishipa ya damu inayolisha nyuzi hizo ni myembamba sana na huenda mbali ndani ya ubongo. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo huwa nene na ngumu, njia ya damu ikabana, na nyuzi zikaanza kufa njaa kidogo kidogo. Otto Binswanger, daktari Mswisi aliyefanya kazi Ujerumani, aliuandika ugonjwa wa namna hii mwaka 1894. Siku hizi picha za MRI huonyesha madoa meupe mahali palipoharibika.

Tofauti yake na kiharusi cha ghafla ndiyo inayowadanganya watu. Hakuna siku mtu alipoanguka, wala mdomo haukwenda upande. Anakuwa mzito wa kujibu, anapoteza mpangilio wa shughuli, miguu inakuwa kama imenata sakafuni, na mkojo unambana ghafla. Namfahamu mama mmoja muuza sambaza ambaye zamani aliweza kubadilisha faranga za Rwanda kuwa za Kongo kichwani, huku akibishana na wateja watatu. Leo binti yake ndiye anayeshika pesa. Dawa alikuwa nazo, lakini kila alipojisikia mzima aliziacha, kwa sababu presha haiumi.

Utafiti mmoja mkubwa ulioanza Marekani mwaka 2010 ulihusisha zaidi ya watu 9,000 wenye miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilitibiwa hadi presha ya juu iwe chini ya 120, jingine chini ya 140. Majibu kuhusu ubongo yalitoka mwaka 2019: madoa meupe yaliongezeka katika makundi yote mawili, lakini kidogo zaidi kwa wale waliodhibitiwa vizuri, na waliopungukiwa na kumbukumbu walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, hiyo 120 si ya kila mtu; mzee anayepata kizunguzungu akisimama anaweza kuumia, na ni daktari wa kuamua. Nyuzi zilizokwisha kufa dawa haizifufui. Inalinda zile zilizobaki.

Aidha, si kila ugonjwa wa sehemu nyeupe unatokana na presha. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuharibu ganda hilo, nao una tiba ukigunduliwa mapema. Anayeishi na virusi vya UKIMWI akiacha dawa, kinga ikishuka sana, kirusi kingine huweza kuushambulia ubongo papo hapo kwenye nyuzi. Na ndugu zetu waliorudi kutoka Ulaya wakiwa na karatasi za ugonjwa unaoitwa sklerosisi, ambao Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868, wasizitupe. Ugonjwa huo huja na kuondoka, huwapata zaidi wanawake, hata vijana, na ni nadra huku kwetu, hivyo mganga asiyeonyeshwa karatasi hizo anaweza kuuchukua kuwa kitu kingine.

Kwa wanaovuka mpaka kila siku, tatizo kubwa ninaloliona ni majina ya dawa. Kidonge kilekile huuzwa Goma kwa jina moja na Gisenyi kwa jingine, na mtu huweza kumeza viwili akidhani ni dawa tofauti, au akaacha kabisa kwa kudhani yake haipo. Usitupe boksi likiisha. Chini ya jina kubwa la kampuni kuna maandishi madogo, kwa mfano amlodipine, pamoja na idadi ya miligramu. Hayo ndiyo ya kumwonyesha mwuza dawa wa upande wa pili.