Akiba Iliyo Kiganjani

Kati ya 1965 na 1970, wanaume wenye asili ya Japani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, walikabidhiwa kifaa kidogo chenye mpini, wakaambiwa wakibane kwa nguvu zao zote. Wengi wao walikuwa wana wa wahamiaji waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Utafiti wenyewe ulihusu moyo na kiharusi. Kipimo cha mkono kilikuwa kimoja tu kati ya vingi.

Miaka 25 baadaye, watafiti waliwarudia waliokuwa hai, sasa wazee wa miaka 71 hadi 93. Je, unaoga mwenyewe? Unavaa? Unainuka kitini bila kushikwa? Kati ya wanaume 6,089 waliokuwa wazima siku ya kipimo, walio dhaifu zaidi wa mkono, chini ya kilo 37, ndio uzeeni waliokabiliwa na hatari ya kushindwa kujihudumia zaidi ya mara mbili ya wale waliovuka kilo 42. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999, na mimi huyarejea kila ninapozungumza na watu wa miaka hamsini.

Kiganja hapa ni shahidi wa misuli ya mwili mzima. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hukimbilia kununua mipira ya kubana, na miguu wakaiacha. Misuli ni akiba. Mwenye nguvu nyingi akiinuka kitini hutumia sehemu ndogo tu ya alichonacho; mwenye nguvu kidogo hutumia karibu yote. Kila mmoja hupungukiwa na umri, lakini aliyeanza na kingi huchelewa kufika pale ambapo choo cha chini kinakuwa mlima. Kisha inakuja homa ya mapafu, wiki mbili kitandani, na yule wa akiba ndogo haamki tena peke yake.

Utafiti huu haukuwahusu wanawake, na hilo ni pengo kubwa, maana wao ndio wengi katika umri huo.

Jijaribu leo. Kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, inuka, keti taratibu, rudia mara tano. Ukilazimika kujisukuma kwa mikono, anza na kiti kirefu kidogo, kila siku kabla ya chai ya asubuhi, ukishusha kimo kadiri mapaja yanavyozoea.