Breki ya Gari Kuukuu: Jinsi ya Kubadilisha Masta Silinda Nyumbani kwa Usalama

Mkazi yeyote aliyewahi kushuka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa anajua kuwa breki si jambo la kubahatisha. Mteremko ni mrefu, malori ni mengi, na gari likikosa kusimama hakuna nafasi ya kukwepa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa magari ya zamani ambayo bado yanatumika katika kaunti yetu: Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na 504, Land Rover za shambani na Datsun za mizigo.

Magari haya yanapendwa, na si bure. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na wengi waliokuja Naivasha tangu mashindano hayo yarejee mwaka 2021 walilelewa wakipanda magari ya aina hii. Lakini gari lenye umri wa miaka 50 lina raba na vyuma vyenye umri huo pia, isipokuwa kama kuna aliyevibadilisha.

Makala haya yanaeleza kifaa kimoja, silinda kuu ya breki, ambayo mafundi huiita masta silinda au masta tu. Tunatumia Beetle yenye usukani wa kulia kama mfano. Ukiwa na gari jingine la zamani, kanuni ni zile zile ingawa mahali pa vifaa patatofautiana.

Masta hufanya kazi gani?

Unapokanyaga pedali, fimbo fupi husukuma pistoni iliyo ndani ya masta. Pistoni husukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi kwenye kila gurudumu, na huko mafuta hayo husukuma breki zishike. Raba ndogo zilizovikwa kwenye pistoni ndizo huzuia mafuta yasirudi nyuma. Raba hizo zikichakaa, au kuta za silinda zikiingia kutu, mafuta hupita pembeni ya pistoni na nguvu ya mguu wako haifiki kwenye magurudumu.

Beetle nyingi za zamani zilikuwa na masta ya njia moja: ikifa, breki ya miguu yote minne ya gari inapotea kwa pamoja na unabaki na breki ya mkono pekee. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 kampuni ilianza kuweka masta yenye njia mbili, ili upande mmoja ukiharibika mwingine uendelee kushika. Jua gari lako lina ipi kabla ya kununua spea.

Dalili za kuangalia

Simamisha gari mahali tambarare, uzime injini, kisha ukanyage breki kwa nguvu ya kawaida na uhesabu hadi 60.

• Pedali ikizama polepole na hakuna mafuta yanayovuja kwenye magurudumu wala paipu, masta ndiyo mshukiwa wa kwanza.
• Pedali ikiwa laini kama sponji lakini inapanda ukiikanyaga mara kadhaa, mara nyingi kuna hewa ndani ya paipu.
• Mafuta yakionekana karibu na pedali au yakidondoka nyuma ya gurudumu la mbele upande wa dereva, masta inavuja.
• Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, tatizo kwa kawaida liko kwenye gurudumu, si kwenye masta.

Kwa magari yenye kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa injini, kama Peugeot 504 nyingi, kanyaga pedali mara tano injini ikiwa imezimwa, ishikilie, kisha uwashe. Ikishuka kidogo, kisaidizi kiko sawa.

Ukiona pedali inazama, usiliendeshe gari hilo hadi gereji, hata kama ni karibu. Vilevile usilivute kwa kamba, kwa sababu gari linalovutwa halina breki na litamgonga anayelivuta. Mwite fundi nyumbani au libebwe juu ya gari la kukokota.

Kabla ya kuanza

Nunua masta inayolingana na mwaka na aina ya gari lako. Masta ya gari lenye dramu kwenye magurudumu ya mbele si sawa na ya lenye diski, hata kama kwa macho zinafanana. Nenda dukani na namba ya chasi, na ukiweza beba masta ya zamani. Kwenye mafuta ya breki, tafuta alama ya ubora ya KEBS na uhakikishe mfuniko haujafunguliwa.

Mafuta ya kutumia ni DOT 3 au DOT 4. Kamwe usitie mafuta ya injini, ya gia au ya usukani. Mafuta hayo hufura raba zote za breki, na kosa la kikombe kimoja litakugharimu masta, silinda za magurudumu na mipira yote. Usitumie pia chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 hivi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikishapata moto, mafuta yenye maji hutokota, mvuke hujaa kwenye paipu, na pedali huenda hadi chini bila kushika chochote.

Andaa spana ya 11 ya kushika nati za paipu (ile yenye mdomo mpana unaozunguka nati ni bora), spana ya 13, jeki, stendi imara za chuma, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa safi, vitambaa na maji. Tafuta pia mtu wa kukusaidia kukanyaga pedali.

Egesha gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, kisha uliinue mbele na kuliweka juu ya stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala usitumie mawe au matofali. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kumbuka pia kuwa tangi la petroli la Beetle liko mbele, juu ya mahali unapofanyia kazi. Usivute sigara wala kutumia moto, na watoto wakae mbali.

Kuondoa masta ya zamani

1. Fungua buti ya mbele na utafute chombo cha mafuta ya breki. Yafyonze mafuta yote kwa bomba la sindano. Funika rangi ya gari kwa vitambaa, kwa maana mafuta haya huibambua. Yakimwagika, osha mara moja kwa maji mengi.

2. Ondoa gurudumu la mbele la kulia. Masta utaiona nyuma yake, imefungwa kwenye ukuta ulio mbele ya pedali.

3. Swichi za taa za breki zimefungwa kwenye masta yenyewe. Piga picha kwa simu na uweke alama kwenye kila waya kabla ya kuutoa.

4. Safisha uchafu kuzunguka nati za paipu, kisha uzifungue taratibu kwa spana ya 11. Nati ikizunguka pamoja na paipu, acha. Ipulizie dawa ya kulegeza kutu na usubiri. Paipu ikijipinda au ikionyesha kutu nyingi, ni ya kubadilishwa, si ya kunyooshwa.

5. Chomoa mipira inayoleta mafuta kutoka kwenye chombo.

6. Fungua bolti mbili za 13 zinazoishika masta, uitoe ukiacha fimbo ya kusukuma ikiwa imebaki kwenye pedali. Angalia vipande vya mpira na pete zilizokuwa kwenye bolti zisipotee.

Kufunga mpya

Kwanza itoe hewa masta ikiwa bado mezani. Ishike kwenye jiriwa bila kuibana sana, ijaze mafuta safi, na usukume pistoni polepole hadi mapovu yaishe. Wengi huruka hatua hii kisha wakahangaika jioni nzima na pedali laini.

Rudisha masta mahali pake, uhakikishe fimbo imeingia katikati ya pistoni. Anza kila nati ya paipu kwa vidole, mizunguko kadhaa, ndipo utumie spana. Nati ikiingia kombo itaharibu masta mpya. Rudisha swichi, waya na mipira.

Kati ya fimbo na pistoni panatakiwa nafasi ya takriban milimita 1. Pedali isogee kidogo sana kabla ya kuanza kusukuma. Bila nafasi hiyo, mafuta hayarudi yote kwenye chombo, breki hubaki zimeshika na kupata moto zenyewe barabarani.

Kutoa hewa

Kwa Beetle yenye dramu, rekebisha kwanza breki za kila gurudumu zikaribiane na dramu, la sivyo pedali itabaki chini hata hewa ikiisha.

Kisha mafundi husema unablidi breki. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Vika mpira kwenye niplo na ncha nyingine uizamishe ndani ya mafuta safi kwenye chupa. Msaidizi akanyage polepole na ashikilie. Wewe fungua niplo, mafuta na mapovu yatoke, funga, ndipo umwambie aachie. Akiachia mapema, hewa inarudi. Rudia hadi mapovu yaishe, huku ukiongeza mafuta kwenye chombo kila mara. Chombo kikikauka, unaanza upya.

Kujaribu kabla ya kuingia barabarani

Kanyaga kwa nguvu na uhesabu tena hadi 60. Pedali isizame. Kagua kila nati kwa kitambaa kikavu. Mwombe mtu athibitishe kuwa taa za breki zinawaka. Kisha endesha ndani ya uwanja kwa mwendo wa mtu anayetembea na usimame mara kadhaa. Baada ya siku mbili au tatu, kagua tena kiwango cha mafuta.

Wakati wa kumwachia fundi

Kama paipu zimeoza, bolti imekatika, au pedali bado ni laini baada ya kublidi mara mbili, simama hapo. Mwite fundi aliyefunzwa kazi ya breki. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na kusema "nilitengeneza mwenyewe" hakumwokoi aliyegongwa.

Mafuta ya zamani yaende wapi?

Usiyamwage kwenye mtaro. Maji ya mvua ya mji wa Nakuru huelekea ziwani, na ya Naivasha vivyo hivyo. Yatie kwenye chupa iliyofungwa vizuri, uandike kilichomo, uiweke mbali na watoto, na umpelekee mwenye gereji anayekusanya mafuta machafu. Usiyachanganye na mafuta ya injini, wala usirudishe hata tone kwenye gari.

Mwisho, hata breki mpya ina kikomo. Unaposhuka Sachangwan, Kinungi au mteremko wa Mai Mahiu, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza na uache injini ishikilie gari. Tumia breki kwa vipindi vifupi, usiukalie mguu juu ya pedali. Ukifika chini, pedali iwe juu na ngumu kama ilivyokuwa ulipoanza kushuka.