Fahamu: Kwa nini Ulaya haiikabili China kwa sauti moja

Oktoba 2024 Ujerumani, ikihofia soko la magari yake China, ilipinga ushuru wa ziada wa Umoja wa Ulaya kwa magari ya umeme ya China. Ikashindwa: nchi 10 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 12 hazikuegemea upande wowote. Kwenye biashara, nchi moja haitoshi kuzuia.

Siasa za nje ni habari nyingine. Huko akikataa mmoja, basi. Mwaka 2017 Ugiriki ilizuia tamko la Umoja wa Ulaya kuhusu haki za binadamu China, ikidai ukosoaji huo haujengi. Labda. Ila mwaka uliotangulia, COSCO, kampuni ya serikali ya China, ilinunua hisa nyingi za bandari ya Piraeus.

Na kuiondoa kura hiyo ya turufu? Lazima nchi zote 27 zikubali.