SANTURI NA CD: NANI STELINGI WA NYIMBO ZA PICHA?

Kuna ubishi mmoja ambao ukiuanzisha kijiweni, chai inapoa mezani. Si ule wa Simba na Yanga. Ni wa santuri na CD. Mmoja atakwambia nyimbo za picha la Kihindi zisikilizwe kwenye santuri tu, mengine ni kujidanganya. Wa pili atamcheka: "Kaka, karne hii bado unahangaika na sindano?" Wa tatu, simu mkononi, haelewi hata wanagombania nini, maana yeye nyimbo zote anazo mfukoni.

Mie nimo katika kabila la wakusanyaji. Santuri ninazo, CD ninazo, na nafasi chumbani sina. Ubishi huu nimeusikia Dar, nimeusikia Unguja pale Darajani, lakini ulionikamata kweli kweli niliukuta Mgogoni, kisiwani Pemba. Huko haukuwa ubishi wa vijana wanaotaka kuonekana wajuaji. Ulikuwa ubishi wa nyumba moja, wenye pesa ndani yake, na kasha la mbao lililosubiri hukumu.

Lakini tusikimbilie. Kwanza tuelewane mambo haya yalianzia wapi.

PICHA LINABAKI, WIMBO UNAONDOKA

Santuri na Bara Hindi ni ndugu wa siku nyingi kwetu pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Hata sahani zenyewe za zamani, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wanaopatikana zaidi misitu ya India. Ndiyo, msomaji wangu, babu yako alikuwa anacheza muziki uliochongwa kwenye jasho la mdudu!

Mwaka 1931 India ikatoa picha lake la kwanza lenye sauti, Alam Ara, likiwa na nyimbo saba. Tangu hapo picha la Kihindi bila wimbo likawa kama pilau bila nyama. Stelingi anafungua mdomo, lakini anayeimba yuko nyuma ya pazia: Mukesh ndiye sauti ya Raj Kapoor, na Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, akawa sauti ya mabibi harusi wa vizazi vitatu vya sinema.

Picha zikaingia kwetu. Awaara la 1951, Mother India la 1957, Sangam la 1964. Wete na Chake Chake zilikuwa na kumbi zao za sinema, na mtu wa shamba alifunga safari akiwa amevaa nguo ya sikukuu. Alirudi usiku, picha ameliacha ukumbini. Hakukuwa na video wala televisheni. Kitu pekee alichoweza kurudi nacho nyumbani kilikuwa wimbo, kichwani kama hana pesa, kwenye santuri kama anazo.

Wenye kinanda cha taarabu nao hawakulala. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijijengea jina kubwa kwa kuchukua tyuni za picha za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili yenye uzito wake. Kwa hiyo santuri moja kutoka India ilizaa nyimbo mpaka harusini.

Watu waliipenda sinema kwa masikio kuliko macho. Sholay lilipotoka mwaka 1975, kampuni ya Polydor iliona watazamaji wanatoka ukumbini wakirudia maneno ya Gabbar Singh, ikatoa santuri ya maongezi matupu, na ikauzika vibaya sana. Santuri ya watu wanaoongea! Niambie kama hapo hukumbuki mjomba fulani anayejua maneno yote ya Kihindi bila kujua maana ya hata moja.

KASHA LA MGOGONI

Niliyepelekwa kwake ni mzee ambaye kila mtu pale anamwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Ujanani alikuwa akienda Mombasa na majahazi, na kila safari alirudi na sahani mbili tatu zilizofungwa ndani ya kanga zisivunjike. Kinanda chake cha kwanza kilikuwa cha kutia ufunguo, kisichodai umeme. Alifanya vizuri, kwani umeme wa uhakika umefika Pemba mwaka 2010 tu, kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga.

Ubishi uliletwa na mtoto wa kaka yake, kijana anayefanya kazi Muscat. Alikuja likizo na redio ya CD na mfuko wa CD, akitaka kumfurahisha mzee. Wakati huo huo mnunuzi mmoja kutoka mjini alishafika na kutoa bei ya kasha zima: pesa ya mbuzi mmoja, tena si dume. Watoto wa nyumba walitaka ziuzwe, kuna ada za shule. Kijana wa Muscat akawaunga mkono.

"Ami, nyimbo zote ndizo hizi hapa," alisema akionyesha mfuko. "Hizo sahani zinakula vumbi tu. Uza."

Mzee hakubisha. Akaomba awekewe wimbo mmoja wa picha aliloliona Wete yeye na marehemu mkewe walipokuwa wachumba. Kijana akaweka. Zikaanza ngoma, du-du-du, kama za disko. Ami akainua kichwa.

"Huyu mpiga ngoma katoka wapi? Mie picha hili nimeliona mara nne. Ngoma hizi hazikuwamo."

Alikuwa na haki. Miaka ya 1980 na 1990, kaseti na baadaye CD zilipoteka soko la India, ulizuka mtindo ulioitwa jhankar. Wimbo wa zamani unachukuliwa, unapachikwa ngoma na vinanda vipya juu yake ili uchangamke, kisha unauzwa kama wimbo ule ule. Ni sawa na kumkuta bibi yako wa miaka 80 amevishwa jinzi. Anatambulika, lakini roho haikai sawa.

Hapo mambo yakageuka. Ami akaweka CD nyingine, ya Mother India, isiyotiwa mikono. Akasikiliza kimya mpaka mwisho.

"Hii nzuri," akasema. "Kuna fidla hapa nyuma ambayo miaka yote sijapata kuisikia. Kwenye sahani yangu imefunikwa na mikwaruzo."

Nilimpenda mzee huyu. Kijiweni hakuna anayekubali bao la mwenzake namna hiyo.

Kisha tukalifungua kasha lenyewe. Chini ya Sangam na Bobby ikatoka sahani moja ambayo kijana wa Muscat hakuwahi hata kuisikia: Pakeezah Rang Barang. Picha la Pakeezah lilitoka Februari 1972, na nyota wake, Meena Kumari, akafariki Machi mwaka huo huo. Mtunzi wa muziki, Ghulam Mohammed, alikwishafariki mwaka 1968 kabla ya picha kukamilika, na Naushad ndiye aliyemalizia kazi. Nyimbo kadhaa alizotunga marehemu ziliachwa nje ya picha. Mwaka 1977 HMV ikazikusanya kwenye santuri hiyo. Katika mfuko mzima wa CD kutoka Muscat hazikuwamo, na kwa bei ya yule mnunuzi, zingeondoka na kasha bila mtu kujua zimeondoka.

SASA TUSEME UKWELI WA SAUTI

Hapa wengi hupiga porojo, basi tuweke hesabu mezani.

Sahani ya 78 inabeba kama dakika tatu kila upande. Wimbo wa picha wa dakika sita ulikatwa, au uligawanywa pande mbili, na mpenzi alisubiri katikati uigeuze. LP iliyoanza mwaka 1948 ikaongeza hadi dakika 20 na ushei kila upande. CD ikaja mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips, dakika 74 bila kugeuza kitu. Ndipo wachuuzi wakaanza kubana picha mbili ndani ya CD moja.

CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na haina mkwaruzo wa sindano. Santuri ina udhaifu wake: kadiri sindano inavyokaribia katikati, ndivyo sauti ya juu inavyochoka. Kwa vipimo vitupu CD inashinda, usidanganywe na mtu.

Lakini CD haiwezi kuwa nzuri kuliko aliyeitayarisha. Kama mtu amechukua mkanda chakavu, akaongeza mwangwi, akapandisha sauti yote mpaka minong'ono na kelele zikawa sawa, utapata uchafu uliosafishwa. LP ya zamani iliyotunzwa inakupa wimbo kama waliomtunga walivyoukusudia. Kwa hiyo swali si santuri au CD. Swali ni: nani alishika mkanda kabla yako?

Kwa picha za Ulaya na Marekani hesabu inabadilika. Flash Gordon la 1980 lilipigwa muziki na Queen, kundi la Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, na LP yake imechanganya muziki na maongezi ya picha lenyewe. Hiyo ukiipata kwa santuri, chukua kwa ajili ya kava na historia. Lakini The Bodyguard la 1992, la Whitney Houston, ni mtoto wa zama za CD. Hapo usijinyime kulala ukitafuta sahani.

BEI IMEPANDA, JIHADHARI

Kwa nini yule mnunuzi alifunga safari mpaka Mgogoni? Kwa sababu anajua usilolijua. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu mwaka 1987. Wakusanyaji wa Ulaya wanazunguka Afrika Mashariki wakitafuta sahani za zamani, na pale Soko la Kenyatta, Nairobi, kibanda cha Real Vinyl Guru kilijipatia jina mpaka ng'ambo. Si dhambi kuuza. Dhambi ni kuuza kwa kilo kitu kinachouzwa kwa jina.

Nyumba ile iliamua hivi: sahani zote ziandikwe kwenye daftari, moja moja, jina na mwaka, kabla ya mtu yeyote kutaja bei. Zilizorudufika, na zilikuwepo kadhaa, ziuzwe kwa ajili ya ada. Zilizobaki kijana wa Muscat azirekodi kwenye kompyuta, kila mjukuu apate nakala. Mnunuzi aliporudi na kuliona daftari, aliangalia saa yake.

UKITAKA KUANZA

Usicheze LP kwenye kinanda cha ufunguo, mkono wake mzito utaichimba. Sahani za 78 nazo zina mfereji mpana, zinataka sindano yake, na usizisafishe kwa spiriti kwa sababu spiriti huyeyusha ule utomvu. Zisimamishe wima, mbali na dari la bati. Pwani yetu ina unyevu na kuvu, hivyo kava ziachie hewa. CD nazo usizianike juani ukadhani ni chuma. Na ukiona neno jhankar juu ya kasha la CD, jua unanunua ngoma za mtu mwingine.

Pesa ikiwa kidogo, nunua CD ya picha zenye matayarisho safi, na santuri weka kwa zile ambazo huzipati kwingine. Zaidi ya yote, anza na nyumba yenu. Muulize bibi, muulize babu, fungua lile kasha linalowekewa magodoro juu. Uliza wimbo upi, picha lipi, aliliona na nani. Sahani ikivunjika kuna siku utaipata nyingine sokoni. Jibu la swali hilo la mwisho halijawahi kurekodiwa na kampuni yoyote.