Hedhi Isimtoe Binti Darasani



Binti akikosa taulo za kike hubaki nyumbani siku za hedhi, na masomo humpita. Mwaka 2018 Tanzania iliziondolea taulo hizo kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2019 kodi ikarudishwa, Serikali ikieleza kuwa mnunuzi hakupata nafuu ya bei. Fundisho ni wazi: nafuu isiyosimamiwa huishia njiani. Chama cha msingi kinachoagiza mbolea kwa pamoja chaweza kuagiza taulo vivyo hivyo, kikaziuza dukani mwake bila ulanguzi. Tena, taulo hubadilishwa kila baada ya saa chache. Hivyo shule yahitaji maji, sabuni na choo chenye komeo. Jambo hili lijadiliwe katika mkutano mkuu, akina baba wakiwapo.