Tunayemsaidia Naye Awe Mbioni

Mbio za hisani zimeenea siku hizi katika miji yetu. Dar es Salaam, Moshi, Nairobi, kote huko watu ambao hawajapata kukimbia tangu walipomaliza shule huamka alfajiri, wakavaa fulana na kuingia barabarani ili zipatikane fedha za kuwatibu au kuwasomesha wenzao. Wengi huwa na mpendwa wao moyoni. Ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Hata hivyo, liko swali ambalo hatuna budi kujiuliza: huyo mpendwa yuko wapi siku ya mbio? Mara nyingi yuko nyumbani, akisubiri kuletewa habari.

Tunawaomba wasomaji wetu watazame habari ya baba mmoja na mwanawe huko Marekani.

Rick Hoyt alizaliwa mwaka 1962 katika jimbo la Massachusetts. Wakati wa kuzaliwa, kamba ya kitovu ilimzonga shingoni, hewa ikakosa kufika katika ubongo, naye akaishi maisha yake yote na mtindio wa ubongo, hawezi kutembea wala kusema. Madaktari waliwashauri wazazi wamweke katika nyumba ya kutunzia walemavu. Wazazi walikataa. Mwaka 1972 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea kompyuta aliyoiendesha kwa kichwa, naye akaanza kuzungumza na watu kwa kuchagua herufi moja moja.

Mwaka 1977, Rick akiwa na umri wa miaka 15, alisikia kwamba kijana mmoja mwanamichezo amepooza kwa ajali, na kwamba zimeandaliwa mbio za maili 5, yaani kilomita 8, za kumchangia. Akamwambia baba yake kwamba anataka kushiriki. Baba huyo, Dick Hoyt, alikuwa askari, lakini hakuwa mkimbiaji. Alikisukuma kiti cha magurudumu kisichotengenezwa kwa mbio, wakamaliza wa pili kutoka mwisho. Baadaye mwana akamweleza baba, kwa kompyuta yake, kwamba wanapokimbia hujiona kana kwamba si mlemavu.

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya baba awe mwanafunzi wa mbio. Rick alipokuwa shuleni, baba alitia mfuko wa saruji katika kiti na kukisukuma barabarani ili ajizoeze. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, walifika katika marathoni ya Boston, kilomita 42.195. Hawakukubaliwa rasmi. Walikimbia hivyo hivyo, wakamaliza. Mwaka 1983, katika marathoni nyingine mjini Washington, walitumia saa 2 na dakika 45, na mwaka 1984 wakaingia Boston kwa haki yao. Walipokimbia pamoja Boston kwa mara ya mwisho, mwaka 2014, walikwisha kushindana zaidi ya mara 1,000. Baba alifariki mwaka 2021, mwana akamfuata mwaka 2023.

Sisi tunajifunza mambo mawili. Kwanza, upendo humtoa mtu kitandani alfajiri, lakini peke yake haumfikishi mwisho wa safari. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeanza na aanze kwa kutembea, achanganye na kukimbia polepole, aongeze mwendo kidogo kidogo kila juma, apumzike, na kama ana maradhi amwone daktari kwanza. Asiyejizoeza, akijitosa katika kilomita 42 kwa uchungu wa moyo tu, huenda akaishia mikononi mwa wauguzi, na aliyekwenda kusaidia akawa wa kusaidiwa.

Pili, na hili ndilo kubwa, Rick hakuwa mzigo wa kusukumwa. Yeye ndiye aliyetoa shauri, tena alilitoa kwa ajili ya kumsaidia mtu mwingine. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kupokea shauri kama hilo? Bado wako watoto wanaofichwa chumbani mgeni anapopiga hodi. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Anayemwonea haya mlemavu hajui kesho yake.

Kwa hiyo tunawataka waandaaji wa mbio za hisani watenge nafasi kwa viti vya magurudumu na kwa wanaovisukuma, wachague njia zinazopitika, na wasiwafungie mlango wanaokwenda taratibu. Nawe msomaji uliyeazimia kukimbia kwa ajili ya mama, ndugu au mtoto wako, kabla hujalipia fulana, kaa naye umuulize kama angependa mwende pamoja. Yamkini jibu analo siku nyingi, ila hajapata mtu wa kumuuliza.