KASIBA ILIYOLIKA: ICHONGWE CHUMBA KIPYA AU ITOLEWE?

Wenye bunduki katika nchi za Moshi, tangu Rombo hata Machame, mara nyingi huuliza shauri moja. Mtu amerithi bunduki ya baba yake kwa halali. Kwa nje ni nzuri: mti wake haukupasuka, na komeo lake lafunga vema. Walakini risasi zake hazipatikani tena madukani, au zapatikana ila hazipigi mahali pamoja. Fundi wa kwanza amwambia, "Nitakuchongea chumba cha risasi ya namna nyingine, ni kazi ya siku chache." Wa pili amwambia, "Toa kasiba hii utie mpya," na gharama yake yaweza kukaribia bei ya bunduki nyingine. Yupi afuatwe? Huenda wote wawili ni wakweli, kila mmoja kwa bunduki ya namna yake. Basi yafaa mwenye mali ajue mambo machache kabla hajafungua mfuko.

Hapa hatusemi habari za gobore wala za bunduki ya marisau. Twasema habari za bunduki ambayo kasiba yake, yaani ule mwanzi wa chuma ambao wengine huuita mtutu, ina mifuo ndani iliyopindwa kama parafujo. Nyuma ya kasiba pana chumba, ndimo linamokaa ganda la shaba lenye baruti na fataki. Mbele ya chumba ni koo, mahali kichwa cha risasi kinapoiingia mifuo. Baada ya koo tundu laendelea mpaka mdomoni.

Kuchonga chumba kipya ni kuondoa chuma, wala hakuna fundi awezaye kukirudisha chuma kilichoondolewa. Kwa hiyo chumba kipya sharti kikimeze kile cha zamani chote, kwa urefu na kwa upana. Kama sivyo, ganda litakaa katika nafasi iliyolegea, litapasuka, na moto utarudi nyuma usoni pa mpigaji. Iko njia nyingine: kukata kipande cha nyuma cha kasiba, kuchonga parafujo upya na chumba upya. Njia hiyo huliondoa koo lililoungua, nayo hufaa ikiwa kasiba ni ndefu ya kutosha na ubovu uko nyuma tu. Lakini katika njia zote mbili mifuo ya mbele hubaki vile vile ilivyokuwa.

Basi kazi ya kwanza ni kuitazama mifuo hiyo. Bunduki itolewe risasi zote, komeo litolewe, kisha mtu atazame kutoka nyuma kuelekea mwangaza. Koo huliwa na moto wa baruti. Kwanza hupoteza mng'ao, halafu hupata nyufa ndogo ndogo kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Mbele ya hapo adui ni kutu. Fataki za zamani ziliacha ndani ya kasiba chumvi ivutayo maji, wala mafuta hayaiondoi. Huondolewa kwa maji ya moto, ndipo kasiba ikaushwe na kupakwa mafuta. Huku mlimani, ambako ukungu huingia hata chumbani wakati wa masika, bunduki iliyopigwa jioni ikalazwa bila kuoshwa yaweza kuonyesha wekundu baada ya siku chache. Tena iliyowekwa ndani ya ala ya ngozi huharibika upesi, maana ngozi hushika unyevu. Ukiona vishimo vingi mpaka mdomoni, usipoteze fedha kwa chumba kipya. Ukiona kivuli cha duara kama pete, mahali kasiba ilipovimba kwa kupigwa hali imezibwa na tope au kitambaa, basi kasiba hiyo imekwisha.

Kasiba ikiwa safi, bado upana wa tundu haujajulikana, na hapa ndipo wengi hudanganyika kwa majina. Bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1888 ilifanywa kwa risasi ambayo kichwa chake kina upana wa milimita 8.08. Mwaka 1905 Wajerumani walileta kichwa kipya cha milimita 8.22. Jeshi halikuzitupa bunduki zote za zamani; nyingi zilipanuliwa shingo ya chumba na koo, zikapigwa chapa ya herufi S. Lakini chapa ile yasema habari za chumba na koo. Haimhakikishii mtu wa leo upana wa mifuo iliyo mbele. Tena bunduki za kuwindia za raia ziliendelea kufanywa kwa tundu jembamba miaka mingi baada ya 1905. Kichwa kinene kikisukumwa katika tundu jembamba, nguvu ya baruti hupanda kupita kiasi. Kwa hiyo fundi hodari hasomi chapa peke yake: hupitisha kidonge cha madini ya risasi laini katika kasiba, kisha hukipima. Fundi akataaye kupima, mwache na maneno yake.

Tofauti huweza kuwa ndogo kuliko unene wa unywele. Kichwa cha risasi ya .303, iliyotumiwa na askari wa K.A.R., kina upana wa inchi 0.311 hivi, na cha .308 ni inchi 0.308. Mtu aweza kudhani chumba kikichongwa upya yatosha. Lakini kichwa chembamba hakishikwi sawasawa na mifuo mipana, nacho hupotea njiani. Jeshi la Uingereza, lilipogeuza bunduki zake za .303 za wapiga shabaha mnamo mwaka 1970 zitumie risasi ya milimita 7.62, lilitia kasiba mpya. Mahali pa kuchonga ni pale ambapo vichwa ni vya upana mmoja. Kwa mfano, .300 ya Holland & Holland ya mwaka 1925 hugeuzwa kuwa .300 ya Weatherby, maana ganda la pili lalimeza la kwanza. Hata hivyo bunduki itapiga bega kwa nguvu zaidi, na koo litaungua upesi zaidi.

Tena chuma kishikacho komeo kiweze kuvumilia. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika nchi hii zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za baruti itoayo moshi mwingi. Bunduki 1,800 za namna mpya zililetwa na meli Rubens katika ghuba ya Manza, Aprili 1915. Akiiona mtu ile ya 1871, asijaribu kuipa chumba wala kasiba ya risasi ya sasa. Ikae kama kumbukumbu, kwa kibali.

Wako wasemao kwamba kwa kuwafukuza nguruwe kihambani kasiba yoyote yatosha. Hatukubali. Bunduki isiyopiga inapolengwa hujeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa hulala katika majani ambayo kesho mama wa jirani atakwenda kuyakata kwa ng'ombe wake. Nyati na tembo watokao msituni ni kazi ya askari wa wanyamapori.

Kazi ikiisha, bunduki ijaribiwe kabla haijashikwa begani. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1868, bunduki iliyogeuzwa hivyo hupelekwa London au Birmingham, hupigwa risasi yenye nguvu kupita ya desturi, ndipo hutiwa chapa na kuweza kuuzwa. Huku kwetu fundi na awe mwenye ruhusa ya Serikali, kama itakavyo Sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015, na mwenye bunduki apeleke habari Polisi kwanza, kwa kuwa namna ya risasi iliyoandikwa katika hati yake haitakuwa ile tena. Jina la risasi mpya lichorwe juu ya kasiba, na la zamani lifutwe. Risasi za zamani zilizobaki sandukuni zisiachiwe watoto wazikute. Zipelekwe Polisi siku ile ile.